UZI: Doa jeusi chini ya unyayo, na venye uvimbe wa ngozi unajiitia damu

Mwalimu wa Butere

Mulembe wote, na misawa kwa wa upande wa ziwa.

Baba yangu mdogo alikuwa analima miwa kwetu Butere, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alitembea na doa jeusi kwa kisigino akiambia kila mtu ni mwiba ulivunjikia ndani. Sisi wote tukaamini, juu nani hajawahi kuvunjikiwa na mwiba shambani. Mama mdogo akamchokoa na sindano mara mbili, mwiba haukutoka, ilitoka damu tu, na ilikuwa nyingi kuliko venye kidonda kidogo hivo kinafaa kutoa. Baadaye pakafunguka, akaenda kliniki moja ya mtaani, wakamfunga bendeji na kumpa antibiotiki miezi nane mizima bila mtu hata mmoja kukata kipande kipelekwe maabara. Tulipofika hospitali ya rufaa Kisumu, ile watu bado wanaita Russia, ripoti ikarudi: melanoma, yaani kansa ya seli za rangi ya ngozi, unene milimita 6.2, na sehemu yake ya juu imeshachanika. Tezi za kinena zilikuwa zimevimba. Tulimzika mwaka jana mwezi wa nane.

Mimi nafundisha Bayolojia sekondari. Nimefundisha ngozi, homoni na mishipa ya damu miaka kumi na moja kama topiki tatu tofauti, na hakuna siku niliziunganisha kwa kisigino cha mtu wetu. Kwa hivyo tangu matanga iishe nimekuwa nikisoma, nikauliza madaktari wawili ninaowajua, na leo nataka kuandika kuhusu maswali mawili yaliyonikosesha usingizi: ile damu ilikuwa inatoka wapi, na kwa nini daktari hakujali upana wa doa bali alihesabu milimita za kwenda ndani.

Mwalimu wa Butere

Naendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na daktari kijana wa upasuaji Marekani, Judah Folkman, alikuwa kwa maabara ya jeshi la maji. Yeye na mwenzake walichukua tezi ya thairoidi ya mnyama, wakaiweka kwa chombo ikipitishiwa maji ya kuilisha, halafu wakapanda seli za kansa ndani yake. Seli zikakua hadi ukubwa wa kichwa cha pini, zikasimama hapo. Hazikufa, zilisimama tu. Ukizirudisha kwa panya aliye hai zinafura haraka sana. Tofauti ni kwamba kwa panya kulikuwa na mishipa ya damu ambayo inaweza kuota na kuzifuata, kwa chombo haikuwa. Mwaka wa 1971 akaandika wazi kwamba uvimbe bila mishipa mipya hauwezi kupita milimita moja au mbili, na kwamba lazima uwe unatoa kitu cha kuiita hiyo mishipa. Wengi hawakumwamini kwa miaka, walikuwa wanadhani ile mishipa mingi daktari anaona akipasua uvimbe ni uwekundu wa kawaida kama wa jipu.

Sababu yenyewe ni rahisi. Oksijeni ikitoka kwa mshipa haiendi mbali ndani ya nyama, ni kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita, imeisha. Seli ikiwa mbali kuliko hapo inakosa hewa.

Sasa weka hiyo kwa ngozi. Ile ngozi ya juu kabisa, epidemisi, haina mshipa wa damu hata mmoja, inalishwa kutoka chini. Melanoma huanzia kwa seli za rangi ambazo ziko sakafuni mwa hiyo epidemisi. Ikiwa bado iko huko juu inatambaa upande kwa upande, ni doa bapa, unaweza kukaa nayo miezi, wengine miaka. Shida ni siku inavuka kwenda chini kwa demisi, mahali mishipa iko. Hapo ndio inakula. Kwa hivyo doa linaweza kuwa pana kama shilingi ishirini na likiwa bado juu mtu anapona kwa kukatwa tu, na lingine ni dogo kama punje ya mahindi lakini limeingia milimita nne ndani na tayari limeshika barabara ya damu na ya limfu. Alexander Breslow ndiye alileta hicho kipimo cha unene mwaka wa 1970, na hadi leo ni kitu ya kwanza daktari anatafuta kwa ripoti. Mipaka wanayotumia ni milimita 1, 2 na 4.

Dala Kwetu

Pole sana mwalimu. Nimesoma nikasimama hapo kwa mwiba, juu mamangu ako na kitu kama hiyo kwa mguu, chini ya kidole kikubwa, na anasema ni akala zilimsugua. Lakini swali langu: huo uvimbe unaitaje damu? Kwani uko na akili?

Mwalimu wa Butere

Dala, kwanza mama apelekwe, tutarudi kwa hiyo.

Akili haina. Inatumia swichi ambayo kila mmoja wetu ako nayo. Ndani ya kila seli kuna protini inaitwa HIF, inatengenezwa na kuvunjwa, inatengenezwa na kuvunjwa, bora oksijeni iko. Oksijeni ikipungua kazi ya kuivunja inasimama, HIF inajaa, inaingia kwa kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi sana, yaani maagizo ya seli. Hiyo ndiyo swichi figo inatumia. Mtu akipanda kukaa Iten, zaidi ya mita 2,000 juu, figo zake zinahisi hewa imepungua zinatoa homoni ya erithropoietini, nayo inaambia uboho utengeneze seli nyekundu zaidi. Ni mwili unafanya kazi yake vizuri. Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipewa Nobel ya 2019 kwa kueleza venye hiyo swichi inafanya.

Uvimbe ukikosa hewa katikati unabonyeza swichi hiyo hiyo. Moja ya protini zinazotoka ni VEGF. Inasambaa hadi kwa mshipa wa karibu, inashika seli zilizotandikwa ndani ya mshipa, nazo zinaamka, zinagawanyika, zinachipuka kuelekea kule harufu inatoka. Sitasema ni homoni kamili kama insulini juu haisafiri mwili mzima kwanza, inafanya kazi jirani, lakini ni ujumbe vilevile.

Na hapa ndio nilipata jibu la ile damu ya sindano. Mnajua stima ya sambaza kule Nyalenda na Obunga, waya imeungwa popote, imepita juu ya mabati, mahali pengine imefungwa na karatasi ya nailoni. Mishipa ya uvimbe iko hivo. Imepinda, mingine inaishia popote, kuta zake zina mianya. VEGF ilipogunduliwa mara ya kwanza 1983 na kikundi cha Harold Dvorak hawakuijua kama ya kuotesha mishipa, waliijua kama kitu inafanya mishipa ivuje, na ni 1989 ndio Napoleone Ferrara na wenzake waliitenga wakaipa hilo jina la sasa. Kwa hivyo doa ambalo ukiligusa na kitambaa linatoa damu, leo linakauka, kesho linatoa tena, hilo si suala la ngozi nyepesi. Huyo Dvorak aliandika 1986 kwamba uvimbe unafanya kama kidonda ambacho mwili unajaribu kukiponya na hakiponi. Niliposoma hiyo niliweka simu chini nikatoka nje. Miezi nane ya bendeji.

Boda wa Kondele

Mwalimu asante lakini mimi nikwambie ukweli venye watu wanasema huku. Wanasema ukigusa kansa na kisu inaamka. Jirani yetu alikuwa na kitu kwa mgongo imetulia miaka mingi akaenda akakatwa miezi sita ako chini. Watu waliona na macho. Sasa utaambia nani akatwe?

Mwalimu wa Butere

Kaka, hii nitaijibu polepole juu hata kwetu ilisemwa, na ilitucheleweshea mzee miezi miwili mingine.

Jambo la kwanza, mara nyingi mtu huku anafikishwa kwa kisu ikiwa imeshaenea. Imekaa kwa mapafu au kwa ini kimya. Akikatwa ile ya nje, ile ya ndani inaendelea na ratiba yake, na sisi tunahesabu kutoka siku ya kisu. Wagonjwa wa melanoma wamefuatiliwa, waliokatwa kipande kidogo kwanza na wale walitolewa yote mara moja, na kukata kipande hakukuwafanya waishi muda mfupi. Kama doa ni dogo daktari atapenda kulitoa lote mara moja, si kwa kuogopa kuliamsha, ni ndio anayesoma kwa darubini apate unene kamili.

Jambo la pili, sitaki kuwaficha kitu. Kuna kitu ya kweli ilionekana kwa panya. Kuna aina fulani ya uvimbe kwa panya ambapo ukitoa ule mkubwa, vile vidogo vya mapafuni vinaanza kukua. Kikundi cha Folkman kilitafuta sababu, na 1994 wakatangaza protini inaitwa angiostatini: ule uvimbe mkubwa ulikuwa unaachilia kwa damu kitu kinachozuia mishipa isiote kule mbali. Yaani uvimbe mmoja unatoa ujumbe wa kuita damu, na unatoa pia wa kuzuia, ila ule wa kuita hauendi mbali na ule wa kuzuia unakaa kwa damu muda mrefu. Lakini hiyo si sababu ya kumwachia mtu uvimbe, tafadhali. Ule mkubwa ndio unatoa mbegu kila siku. Kwa melanoma nyembamba kisu ndio dawa, na kwa wengi ni dawa ya kumaliza kabisa.

Sista wa Wodi

Mimi ni nesi, nimefanya wodi ya wanaume Kakamega muda mrefu. Mwalimu ameeleza vizuri, wacha niongeze upande wa homoni juu watu wanausahau na unaua.

Kuna kansa nyingine ya ngozi, ile inatoka kwa seli za kawaida za ngozi, sio za rangi. Huku tunaipata sana kwa kovu la zamani la moto au kidonda cha mguu cha miaka kumi, ishirini. Hata ina jina lake la zamani, kidonda cha Marjolin. Kidonda kilikuwa kimetulia, halafu kinaanza kuota kama maua ya koliflawa, kinanuka, kingo zimeinuka. Sasa hiyo aina ikikua sana inaweza kutoa protini inayoiga homoni ya tezi za shingoni zinazochunga kalisiamu. Inaitwa PTHrP, iligunduliwa 1987. Mifupa inapata ujumbe wa uongo: toa kalisiamu. Kalisiamu inajaa kwa damu.

Mgonjwa anakuwaje? Anakunywa maji kama ametoka jangwani, anakojoa kila saa, haendi choo kubwa siku tano, anatapika, anachoka, halafu anaanza kuongea mambo haieleweki. Nilikuwa na mzee mmoja wa kutoka upande wa Malava, familia ilikuwa inataka kumtoa wodini apelekwe kuombewa juu alikuwa anaita watu walikufa zamani. Daktari akaomba kalisiamu, ikarudi juu sana. Akawekewa dripu ya maji ya chumvi, akachomwa dawa ya kuzuia mifupa isimwage, ikafika siku ya tatu akaniuliza ng'ombe wake alikamuliwa na nani. Sikusema alipona kansa, hapana. Lakini alirudi kuwa yeye, akaongea na watoto wake.

Kwa hivyo mkiwa na mtu wa kidonda cha kansa na ghafla anachanganyikiwa, kabla ya kutafuta nani amemroga, ulizeni kama amepimwa kalisiamu. Ni damu kidogo tu.

Mwalimu wa Butere

Sista, ubarikiwe. Hiyo ya mzee kuuliza ng'ombe imenigusa.

Na melanoma nayo iko na hadithi yake ya homoni. Sisi kwa darasa tunafundisha tezi: pituitari, thairoidi, adrenali, kongosho. Hatutaji ngozi. Na ngozi yenyewe inatengeneza homoni! Vitamini D tu, inaanzia kwa ngozi jua likiipiga. Lakini kuna zaidi. Kuna protini kubwa inaitwa POMC, ambayo inakatwakatwa vipande kama muwa, na kila kipande ni homoni yake. Kipande kimoja ni ACTH inayoambia adrenali, tezi ndogo iliyo juu ya figo, itoe kortiso. Kingine ni alfa-MSH inayoambia seli za rangi zitengeneze weusi. Kingine ni beta-endofini ya kutuliza maumivu. Tulikuwa tunadhani hiyo ni kazi ya pituitari kichwani peke yake. Andrzej Slominski na wengine wakaonyesha ngozi inafanya yenyewe, ukipigwa na jua seli zako za ngozi zinatoa POMC papo hapo na ndio unakuwa mweusi zaidi. Hii pia inaeleza kwa nini mtu ambaye adrenali zake zimeharibiwa, huku kwetu TB inaweza kuziharibu, anakuwa mweusi hadi kwa fizi na mistari ya mikono: pituitari inapiga kelele ikitoa POMC nyingi ikijaribu kuamsha tezi iliyokufa.

Sasa kwa seli za melanoma, maabara wamezipata zikiwa na huo mtambo wote: zinatengeneza POMC, na hata kortiso. Mnajua kortiso ni ndugu ya zile dawa za kupakwa za steroidi, zinatuliza kinga. Wanasayansi wanaona hiyo inaweza kuwa njia moja ya uvimbe kulaza askari wa mwili walio karibu. Kwa hivyo unajijengea barabara ya chakula kwa VEGF, na pengine unafukuza askari kwa homoni yake. VEGF yenyewe pia inafanya askari wa kinga washindwe kupenya kuingia.

Atieno wa Siaya

Hii uzi naisoma mara ya pili. Mimi naomba kuuliza kuhusu mawazo. Dadangu alikuwa na melanoma ya kidole na shemeji akamwambia ni yeye alijiletea na stresi ya biashara, ati homoni ya stresi inalisha kansa. Alilia sana. Ni kweli?

Mwalimu wa Butere

Dadangu, hapana, na huyo shemeji alikosea.

Kitu kilichoonekana ni hiki. Ukiweka seli za melanoma kwa sahani ya maabara na kumwagia noradrenalini, ambayo ni homoni ya mshtuko, zingine zinatoa VEGF zaidi. Ukizipa propranolo, ile dawa ya presha ya siku nyingi, inazuia. Kutoka kwa sahani hadi kwa mtu mwenye biashara sokoni ni mbali sana. Hakuna aliyeonyesha kwamba mawazo yalimletea mtu melanoma ya kidole. Kansa ya kidole cha mguu inaanza na jeni kuharibika kwa seli moja, na kwa hizi za nyayo na kucha hata jua si sababu kubwa. Mtu mgonjwa hafai kubebeshwa hiyo. Na msinunue propranolo dukani, inashusha mapigo ya moyo, mtu wa pumu inaweza kumkaba. Kuna mahali inasaidia kweli, wale watoto wanazaliwa na alama nyekundu ya mishipa ya damu inayovimba usoni, madaktari wa Bordeaux huko Ufaransa waligundua 2008 inaifanya inywee, lakini hiyo si kansa.

Boda wa Kondele

Na hii dawa ya mitishamba inauzwa pale stendi wanasema inakausha mizizi ya kansa inakata damu. Kama shida ni mishipa si hiyo ndio dawa yenyewe? Ukate maji uvimbe ukauke.

Mwalimu wa Butere

Wazo lako ndilo Folkman alikuwa nalo, na dunia imeweka pesa nyingi sana hapo. Dawa ya kushika VEGF, bevacizumab, iliruhusiwa Marekani 2004 kwa kansa ya utumbo mkubwa. Inasaidia kwa kansa kadhaa. Lakini kwa melanoma haijawa dawa ya kawaida, na sababu moja ilinishtua. Mwaka wa 1999 Mary Hendrix na wenzake walionyesha kwamba seli kali za melanoma zinaweza kujipanga zenyewe zikawa mfereji wa kupitisha damu. Zenyewe! Hazingoji mshipa wa mwili uote. Ukikata laini ya VEGF zinachimba mtaro wao. Na pia ukiunyima uvimbe hewa unaweza kuwasha ile HIF zaidi. Kwa hivyo mtu anayeuza chupa stendi akisema inakata damu ya kansa, hajui anapigana na nani. Sisemi mitishamba yote ni bure, lakini kila wiki ya kungojea chupa ifanye ni wiki uvimbe unaenda chini.

Dawa zilizobadilisha melanoma zilienda kwa upande wa askari wa kinga. Ipilimumab 2011, halafu pembrolizumab na nivolumab 2014, James Allison na Tasuku Honjo, waliofungua njia hiyo, wakapata Nobel 2018. Ni ghali mno, na kwa hii melanoma ya nyayo ambayo ndio yetu hazifanyi vizuri kama kwa ile ya wazungu ya jua. Ndio maana narudi tu kwa milimita. Huku kwetu milimita ndio tuko nazo.

Atieno wa Siaya

Na madoa ya Kaposi? Kwetu yako mengi. Ni hiyo hiyo?

Sista wa Wodi

Hapana mama, ni tofauti, ingawa mwalimu atafurahi juu Kaposi yenyewe ni kansa ya mishipa ya damu. Moritz Kaposi aliieleza 1872, na 1994 Yuan Chang na Patrick Moore wakapata kirusi chake, HHV-8. Hicho kirusi kimebeba jeni yake ya kuwasha VEGF kwa seli kikishaingia, ndio maana madoa yanakuwa ya zambarau, kwa ngozi nyeusi unaona kama weusi wa kahawia, na mguu unavimba. Huku tunaona sana kwa watu wenye virusi vya ukimwi kinga ikishuka. ARV zenyewe zinaweza kuyapunguza, wengine wanahitaji kemo kama paklitakseli. Lakini Kaposi na melanoma kwa macho zinaweza kufanana kwa mguu, sitakubali mtu aniambie ni gani bila biopsi, yaani kukata kipande kipimwe maabara.

Mama Zawadi

Nina mtoto wa miaka 6 mwenye ualbino, tuko Nakuru. Nikisoma melanoma naogopa.

Sista wa Wodi

Mamangu usiogope sana hiyo. Kwa watoto wetu wenye ualbino Afrika, kansa inayowapata zaidi ni ile ya kovu niliyosema, ya seli za kawaida, na inaletwa na jua. Uso, masikio, shingo, midomo. Kofia pana pande zote si ile ya mbele tu, mikono mirefu, asicheze nje saa nne hadi saa kumi. Losheni ya jua hutolewa bure na serikali, uliza kwa ofisi ya baraza la watu wenye ulemavu hapo kaunti. Na umkague masikio nyuma kila Jumamosi ukimwogesha. Gamba lisilotoka mwezi mzima, mpeleke. Nakuru mko juu, baridi inadanganya, jua lake ni kali.

Boda wa Kondele

Mimi niko na mstari mweusi kwa kucha ya kidole gumba, sasa mmeniogopesha.

Mwalimu wa Butere

Kaka, watu weusi wengi tuko nayo na si kitu, haswa kama iko kwa kucha kadhaa na haijabadilika miaka. Angalia hii: mstari ni mmoja tu kwa kidole kimoja, unapanuka, una rangi mbili, kucha inapasuka, au weusi umemwagika ukashika ngozi ya kando ya kucha. Ukiona huo wa kumwagika usingoje. Bob Marley alipatikana na yake 1977 chini ya kucha ya kidole kikubwa cha mguu, watu walidhani ni mpira ulimuumiza, akakataa kidole kikatwe. Alikufa Mei 11, 1981, ana miaka 36.

Na kwa mguu, kidonda chochote bila sababu ya wazi ambacho hakijapona miezi miwili, au kinatoa damu, au kinaongezeka, kikatwe kipande. Mwenye sukari pia, usikubali kila kitu kiitwe kidonda cha sukari.

Dala Kwetu

Nimerudi baada ya wiki tatu, samahani nimekawia. Nilimpeleka mama. Alikataa mara ya kwanza nikamsomea hapa ile ya baba yenu mdogo, kwa Dholuo, polepole, akanyamaza halafu akaniambia nitafute boda. Walitoa doa lote. Ripoti imekuja leo: melanoma, unene milimita 0.9, haijachanika. Mimi sijui nilie au nifurahi.

Mwalimu wa Butere

Dala. 0.9. Nimeisoma kwa stafurumu nikashindwa kuongea na wenzangu.

Lia halafu ufurahi. Sasa watamrudisha kukata ngozi nzuri kuzunguka, kwa unene huo ni kama sentimita moja kila upande. Ulizeni pia kuhusu kupima tezi ya kwanza ya kinena, ile kansa ikitoka mguuni hufikia kwanza, kwa 0.9 ni jambo la kujadiliana na daktari, mwambie akueleze faida na hasara. Na muombe nakala ya ripoti, mbaki nayo nyumbani, sisi yetu ilipotea mara mbili.

Sista wa Wodi

Chini ya mguu ngozi haivutiki, pengine watachukua ya paja kubandika. Asikanyage hadi waseme, hata kama anahisi yuko sawa, ikikanyagwa mapema inang'oka. Tafuteni magongo kabla ya siku ya opareshoni, sio baada. Na kama choo chenu ni cha nje na njia ina utelezi hii mvua, wekeni mchanga.

Dala Kwetu

Mchanga ndugu yangu ameshaleta. Magongo naenda kuuliza kesho kanisani, kuna mzee aliyatumia alipovunjika mguu na sasa anatembea.